Fangasi Waozesha Mbao na Usafishaji wa Majitaka ya Viwandani: Mambo Ambayo Mtumiaji Anapaswa Kuyafahamu

Gogo la mwembe likiachwa chini kwa misimu kadhaa ya mvua hulainika, hupauka na mwishowe humeguka kwa vidole. Kazi hiyo hufanywa na viumbe wadogo waitwao fangasi waozesha mbao. Wanasayansi wamethibitisha kwamba uwezo uleule unaoozesha gogo unaweza pia kuvunja rangi za nguo na kemikali nyingine zinazopatikana katika majitaka ya viwandani. Mmoja wa fangasi waliochunguzwa kwa kazi hiyo alipatikana hapa hapa Dar es Salaam, katika ufukwe wa Mjimwema.

Hii ni habari njema. Hata hivyo, ni habari inayoweza kueleweka vibaya. Mtumiaji anaweza kuambiwa kwamba maji fulani yamesafishwa kwa njia ya asili, akayaona hayana rangi, akaamini kuwa yanafaa kumwagilia mboga, kuogea au hata kunywa. Makala hii inaeleza jinsi fangasi hawa wanavyofanya kazi, mambo wanayoyaweza na wasiyoyaweza, na hatua ambazo mkazi wa Kinondoni, Temeke na maeneo jirani anaweza kuchukua ili kulinda afya ya familia yake.

Majitaka ya viwandani hutufikiaje?

Majitaka ya nyumbani kwa sehemu kubwa yana mabaki ya chakula, sabuni, kinyesi na vijidudu. Majitaka ya viwandani huweza kuwa na hayo yote pamoja na rangi, chumvi, magadi makali kama kostiki soda, mafuta, na metali nzito kama risasi, kadimiamu na kromiamu. Aina na kiasi hutegemea shughuli ya kiwanda. Kiwanda cha nguo hutoa majitaka tofauti na kile cha ngozi au cha rangi za ukutani.

Jiji la Dar es Salaam limejengwa juu ya mabonde ya mito. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi na maeneo ya viwanda, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Upande wa Temeke kuna Mto Kizinga, ambao maji yake huchotwa na kutibiwa katika mtambo wa Mtoni kwa matumizi ya wananchi. Kwa hiyo, kinachomwagwa katika mtaro wa mtaa mmoja hakiishii katika mtaa huo.

Majitaka ya viwandani humfikia mtumiaji kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni mboga za majani zinazomwagiliwa kwa maji ya mto au mtaro. Ya pili ni visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mikondo ya majitaka. Ya tatu ni kugusana na maji hayo moja kwa moja, hasa watoto wanapocheza mitaroni au watu wanapofulia mtoni.

Njia ya kwanza imefanyiwa utafiti. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, zikiwamo mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga. Mboga hizo zilipimwa kadimiamu, risasi, shaba na zinki. Madini ya shaba na zinki huhitajika mwilini kwa kiasi kidogo, lakini risasi na kadimiamu hazina kazi yoyote mwilini. Risasi huathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto, na kadimiamu hujikusanya katika figo kwa miaka mingi.

Fangasi waozesha mbao hufanyaje kazi?

Mbao huwa ngumu kwa sababu ndani yake kuna kitu kiitwacho lignini. Lignini hugandisha nyuzinyuzi za mti pamoja kama saruji inavyoshika kokoto. Muundo wake hauna mpangilio maalumu, na viumbe wengi hawawezi kuuvunja. Ndiyo maana mti mkavu hukaa muda mrefu kuliko jani au tunda.

Kundi moja la fangasi, linalojulikana kama fangasi wa uozo mweupe, limeimudu kazi hiyo. Fangasi hawa hutanda ndani ya mbao kwa nyuzi nyembamba na kutoa vimeng'enya nje ya miili yao. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali. Vilivyo muhimu hapa ni lakesi, ambayo hutumia oksijeni ya hewani, na peroksidesi, ambazo hutumia haidrojeni peroksaidi inayotengenezwa na fangasi wenyewe. Lignini inapoondolewa, mbao hubaki nyeupe na laini, na hapo ndipo jina la uozo mweupe lilipotoka.

Vimeng'enya vingi hufanana na ufunguo mmoja unaofungua kufuli moja tu. Vimeng'enya vya lignini havina tabia hiyo. Kwa kuwa lignini haina mpangilio maalumu, vimeng'enya vyake navyo havichagui sana: hushambulia kemikali nyingi zenye muundo wa pete unaofanana na ule wa lignini. Rangi nyingi za nguo zina muundo wa aina hiyo. Zimetengenezwa makusudi zisichuje kwa jua, jasho wala sabuni, na kwa sababu hiyo bakteria wa kawaida katika mabwawa ya majitaka huzishindwa au huzivunja nusunusu.

Kimeng'enya cha kwanza cha aina ya peroksidesi ya lignini kilitangazwa mwaka 1983, kutoka kwa fangasi aitwaye Phanerochaete chrysosporium. Miaka miwili baadaye watafiti nchini Marekani walionesha kwamba fangasi huyo anaweza kuvunja hata DDT na kemikali nyingine sugu. Tangu hapo nchi nyingi zimefanya majaribio ya kuwatumia fangasi kusafisha udongo na majitaka.

Fangasi wa Mjimwema

Mwaka 2008 watafiti Godliving Mtui wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Y. Nakamura walichapisha utafiti kuhusu fangasi aitwaye Flavodon flavus, aliyechukuliwa Mjimwema, eneo lililokuwa Temeke wakati huo na ambalo sasa liko Kigamboni. Fangasi huyo ni wa rangi ya njano, na upande wake wa chini una vijino vidogo. Watafiti hao walithibitisha kwamba hutoa vimeng'enya vinavyovunja lignini na kwamba vimeng'enya hivyo vinaweza kuondoa rangi za viwandani. Katika mwaka huohuo ulichapishwa pia utafiti kuhusu fangasi mwingine mwozesha mbao, Laetiporus sulphureus, kutoka misitu ya mikoko ya pwani ya Tanzania. Nchini India, fangasi wa jamii ya Flavodon flavus kutoka pwani ya bahari alikwisha kuchunguzwa tangu miaka ya 1990 na kuonesha uwezo kama huo.

Umuhimu wa fangasi wa pwani unatokana na chumvi. Viwanda vya nguo hutumia chumvi nyingi ili rangi ishike kwenye pamba, hivyo majitaka yake huwa na chumvi ambayo fangasi wengi wa nchi kavu hawaivumilii. Fangasi aliyezoea maji ya bahari ana nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kuishi na kufanya kazi katika majitaka ya namna hiyo.

Matokeo hayo ni ya maabara. Katika maabara, joto, tindikali na chakula cha fangasi hupimwa na kurekebishwa. Kiwandani mambo ni magumu zaidi. Maji yanayotoka kwenye mapipa ya rangi huwa ya moto na yenye magadi makali, ilhali fangasi wengi wa aina hii hupendelea maji ya vuguvugu yenye tindikali kidogo. Fangasi huhitaji siku kadhaa, wakati majitaka ya kiwanda hutiririka kila saa. Pia bakteria wanaoingia pamoja na majitaka huweza kuwazidi nguvu. Ndiyo maana njia hii hufaa kuwa hatua mojawapo ndani ya mtambo wenye hatua nyingine za kupoza, kutuliza, kuchuja na kupima. Haiwezi kuwa badala ya mtambo wenyewe.

Maji yasiyo na rangi si lazima yawe salama

Hili ndilo jambo kubwa la kukumbuka. Baadhi ya rangi za nguo huonekana kwa macho hata zikiwa kiasi cha miligramu 1 tu katika lita moja ya maji. Risasi ya kiasi hichohicho haionekani kabisa, haina harufu, wala haibadilishi ladha kwa namna ambayo mtu angeitambua. Kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita. Maana yake ni kwamba maji meupe kabisa yanaweza kuwa na risasi mara 100 ya kiwango hicho, na jicho lisione lolote.

Fangasi wanaweza:

- kuvunja rangi nyingi zenye asili ya kaboni;
- kupunguza baadhi ya kemikali sugu, zikiwamo aina fulani za viuatilifu;
- kunasa sehemu ya rangi na metali kwenye nyuzi zao.

Fangasi hawawezi:

- kuteketeza metali nzito, kwa kuwa risasi hubaki kuwa risasi hata ikihama kutoka majini kwenda mwilini mwa fangasi;
- kuondoa chumvi iliyoyeyuka;
- kuhakikisha kwamba vijidudu vya maradhi vimekufa;
- kuthibitisha kwamba mabaki ya rangi iliyovunjika hayana sumu.

Jambo hilo la mwisho linahitaji maelezo kidogo. Rangi inaweza kutoweka kwa namna tatu. Inaweza kuvunjwa kabisa, inaweza kunaswa na nyuzi za fangasi, au inaweza kukatwa vipande visivyo na rangi. Ikiwa imenaswa, basi tope la fangasi ndilo lenye rangi na linapaswa kutupwa kitaalamu. Ikiwa imekatwa vipande, vipande hivyo navyo vinapaswa kupimwa, kwa sababu baadhi ya rangi zikivunjwa pasipo hewa hutoa kemikali ambazo huweza kusababisha saratani. Namna hizi tatu hazitofautishiki kwa kutazama. Maabara pekee ndiyo inayoweza kuzitofautisha.

Wengi wetu tunafahamu jinsi shabu au mbegu za mlonge zinavyotuliza maji yenye tope. Maji huwa maangavu, lakini bado huchemshwa au kuwekewa dawa kabla ya kunywewa. Kwa majitaka ya viwandani tahadhari inapaswa kuwa kubwa zaidi, kwa sababu kuchemsha hakuondoi metali. Maji yanapopungua kwa mvuke, metali iliyobaki huwa nyingi zaidi katika kila lita. Vidonge vya klorini navyo huua vijidudu lakini haviondoi metali wala chumvi.

Je, uyoga uliokuzwa kwenye majitaka unafaa kuliwa?

Haufai. Uyoga wa mamama unaouzwa sokoni ni miongoni mwa fangasi wa uozo mweupe, na ni chakula bora unapokuzwa kwenye mabua ya mpunga, pumba au mabaki ya mkonge yaliyo safi. Lakini uyoga una tabia ya kufyonza na kukusanya metali, hasa kadimiamu, kutoka mahali unapoota. Uyoga uliotumika kusafisha majitaka, au uliokuzwa kwenye tope la mtaro, ni taka. Usiliwe, usilishwe mifugo, wala usifanywe mboji ya bustani. Unaponunua uyoga, muulize mkulima umekuzwa juu ya nini na amepata wapi maji ya kumwagilia.

Ushauri kwa watengenezaji wa batiki

Batiki ni chanzo halali cha kipato kwa familia nyingi, na majitaka yake ni sehemu ya tatizo linalozungumzwa hapa. Katika aina fulani za rangi za pamba, sehemu kubwa ya rangi, wakati mwingine hadi nusu, haishiki kwenye kitambaa na hubaki majini. Tunashauri mambo yafuatayo:

1. Pima rangi kwa mizani badala ya kukadiria kwa kijiko, na utumie tena maji ya rangi kwa vitambaa vya rangi hafifu.
2. Usimwage maji ya rangi au kostiki soda kwenye mtaro wa mvua, karibu na kisima, wala bustanini.
3. Kabla ya kumwaga kwenye mfumo wa majitaka, wasiliana na DAWASA ili uelezwe masharti yake.
4. Hifadhi kemikali katika vyombo vyenye lebo, mbali na watoto. Kamwe usiweke kostiki soda kwenye chupa ya maji au ya soda, kwa kuwa mtoto akiinywa huungua koo na tumbo.
5. Nunua kemikali kwa wauzaji waliosajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.
6. Usijaribu kujitengenezea mtambo wa fangasi nyumbani. Huwezi kupima kilichobaki majini, na tope lake huhitaji utupaji maalumu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa mazingira na kumtaka mchafuzi kubeba gharama za uchafuzi wake. Sheria hiyo pia inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito ikiwa zinaweza kuharibu mazingira ya mito hiyo. Usimamizi uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC.

Viwango vya kitaifa vya majitaka vinataka, pamoja na mambo mengine, kwamba mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia yasizidi miligramu 30 kwa lita, mahitaji ya oksijeni ya kikemikali yasizidi miligramu 60 kwa lita, na kipimo cha tindikali na magadi kiwe kati ya 6.5 na 8.5. Vipimo viwili vya kwanza huonesha kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utainyang'anya mito na viumbe wake. Kiwanda kinapaswa kufikia viwango hivi kwa njia yoyote ya usafishaji inayotumika, iwe ya fangasi, ya mabwawa au ya kemikali.

Mtumiaji azingatie kwamba hivi ni viwango vya kumwaga, si vya kunywa. Majitaka yaliyotimiza masharti ya kuingia mtoni bado si maji ya kunywa, kupikia wala kuogeshea mtoto.

Nifanye nini mimi mtumiaji?

*Unapoambiwa kwamba maji yamesafishwa,* uliza maswali manne: Yamepimwa lini? Na maabara gani? Yamepimwa metali nzito au rangi tu? Yanaruhusiwa kwa matumizi gani? Asiyeweza kujibu hana uthibitisho, hata kama maji yake yanang'aa kama kioo.

*Unaponunua mboga,* muulize muuzaji zilikolimwa na maji yaliyotumika. Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka ili kuondoa vumbi na vijidudu. Fahamu, hata hivyo, kwamba kuosha hakuondoi metali iliyofyonzwa kwa mizizi. Usiache kula mboga, kwani zina faida kubwa kwa afya. Badilisha aina za mboga na mahali unaponunua, ili familia isitegemee shamba moja mwaka mzima.

*Ukiwa na kisima karibu na mtaro au eneo la viwanda,* peleka maji yapimwe metali nzito pamoja na vijidudu kabla ya kuyatumia kwa kunywa au kuwauzia majirani.

*Ukiona majitaka yenye rangi, povu, mvuke au harufu kali yakitiririka,* usiyaguse, na uwazuie watoto wasiyakaribie. Andika tarehe, saa, mahali na rangi uliyoiona, na upige picha ikiwa ni salama kufanya hivyo. Toa taarifa kwa Serikali ya Mtaa na kwa afisa afya au afisa mazingira wa Manispaa. Taarifa inaweza pia kupelekwa NEMC, au Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ikiwa mto umeathirika. Mfumo wa majitaka ukifurika, toa taarifa DAWASA. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma huyo, una haki ya kuwasilisha lalamiko lako EWURA. Kwa mashaka kuhusu usalama wa chakula sokoni, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania.

Taarifa yenye saa na mahali husaidia sana. Majitaka mengine humwagwa usiku au wakati wa mvua, na mkaguzi akifika asubuhi hukuta mtaro umekwisha kusafishika. Kumbukumbu za wakazi kwa siku kadhaa humwonesha mkaguzi aende lini na achukue sampuli wapi.

Kwa ufupi

- Fangasi waozesha mbao wana uwezo wa kweli wa kuvunja rangi za viwandani, na baadhi yao wanapatikana katika pwani yetu.
- Kutoweka kwa rangi ni mwanzo wa usafishaji tu. Metali nzito na chumvi hubaki.
- Kuchemsha, shabu na vidonge vya klorini havifanyi majitaka ya viwandani kuwa maji ya kunywa.
- Uyoga uliotumika kusafisha majitaka usiliwe.
- Usiamini macho peke yake. Dai cheti cha vipimo kinachotaja metali nzito, tarehe na maabara.